Kuulisha Mtaro

Mimi ni nyapara wa wafagiaji. Watu wakisikia hivyo wanadhani kazi yangu ni kusimama mikono kiunoni na kufokea wenzangu. Kufoka nafoka, sikatai, sauti ninayo. Lakini fagio nalishika kama wengine, na mgongo unaniuma kama wengine. Wakati wa mambo haya ninayoyasimulia nilikuwa na wanawake kumi na wawili, mitaa tisa na mikokoteni miwili, mmoja gurudumu lake likiyumba hata ukiwa mtupu.

Tulikuwa pia na saa moja asubuhi. Saa moja kamili msimamizi wetu alipita na pikipiki kukagua lami, hata tukamwita Saa Moja, na mpaka leo simjui kwa jina jingine. Barabara ikiwa tupu alitia alama ya vema kwenye daftari lake akaenda zake. Akikuta rundo, hata kama limekusanywa vizuri kando ya njia likisubiri mkokoteni, aliandika “chafu”. Ukiandikiwa chafu mara tatu, mwezi ujao huitwi kazini.

Sasa nisikilize vizuri. Kizimba cha taka kiko ng’ambo ya soko, mwendo wa dakika ishirini kwa mtu anayesukuma mkokoteni uliojaa. Kwenda na kurudi arobaini, mitaa tisa, mikokoteni miwili. Hebu fanya hesabu mwenyewe. Haiwezekani, wala haijawahi kuwezekana hata siku moja. Ila kila mtaa una midomo ya mtaro, yale matundu pembeni mwa barabara ya kumezea maji ya mvua. Unalivuta rundo mpaka pale, unalisukuma mara mbili kwa fagio, kwisha habari.

Tulikuita kulisha. “Wewe umeshalisha?” “Nimelisha dada, tangu saa kumi na mbili.” Wapya niliwafundisha mwenyewe namna ya kulaza fagio ili mchanga uteleze wote bila kubakiza mstari mweupe ukingoni. Nilijiona mwalimu hodari kabisa.

Mume wangu naye alikuwa nyapara, lakini wa mitaro. Watu wanamwita Sululu kwa sababu hatembei bila hiyo sululu yake. Alikuwa na wanaume sita, vibarua wote, naye kibarua mwenzao. Kazi yao ilikuwa kufungua mifuniko na kuchota tope lililoziba. Kwa maneno mengine, mimi naingiza, yeye anatoa. Jioni akivua buti mlangoni ananiuliza, “Leo ulitupikia nini?” Namjibu, “Mchanga wa mtaa wa mafundi, nimeutia vizibo uongeze ladha.” Tunacheka. Miaka kumi na moja tulicheka hivyo, na hakuna mtu aliyetuuliza lolote. Ofisi ya usafi iko ghorofa ya kwanza, ofisi ya mitaro iko ghorofa ya pili, ngazi ni ileile moja, lakini sijawahi kumwona wa juu akishuka kumuuliza wa chini habari za kazi.

Kitu ambacho hatukukifikiria ni kile ambacho koleo la mume wangu halikukiwahi. Maana mvua haisubiri vibarua waitwe. Ikinyesha kubwa inasomba kila kilichomo, mchanga, mafuta ya magari, plastiki, vumbi la chuma, na kuvipeleka chini kwenye kijito. Na pale chini kwenye kijito ndipo penye kitalu cha mama mkwe wangu.

Mama mkwe anaotesha miche. Ya kivuli, ya maua, ya matunda, yote anaitia kwenye viriba, ile mifuko midogo myeusi, na kuipanga safu kwa safu chini ya kivuli cha nyasi. Amefanya hivyo tangu mume wangu akiwa mgongoni. Kwa miche hiyo aliwalea watoto watano bila baba, na ukitembea naye mjini humu akakuonyesha mti kando ya barabara, kuna uwezekano mkubwa ulipita mikononi mwake. Majirani zake wanne pale ukingoni nao wana vitalu, lakini wote walijifunza kwake.

Siku ile alinipigia simu. Mama mkwe hapigi simu, yeye anatuma salamu kwa watu, kwa hiyo nilipoliona jina lake sikungoja maelezo, nikaenda mbio kitaluni. Nikakuta karatasi imebandikwa kwenye uzio wake, ina mhuri wa manispaa. Maji ya kijito yamepimwa mara tatu baada ya mvua, yamekutwa na tope jingi, mafuta na uchafu mwingine. Shughuli zote za ukingoni zinachangia uchafuzi. Wenye vitalu waondoe mali zao ndani ya siku thelathini. Mwenye pingamizi afike kwenye kikao ofisi ya kata, siku ya ishirini na mbili.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda chake akijaza viriba kama vile hakuna kilichotokea. Alinionyesha safu mbili za miche iliyogeuka manjano, majani yamekunjamana. Akachota maji kijitoni kwa kopo, akaniwekea mbele. Juu yake palikuwa na utando wa mafuta.

“Mimi natia samadi na mchanga, mafuta nayatoa wapi?” akasema. “Wewe mwanangu unafanya kazi manispaa, tena barabarani. Hebu niambie, uchafu huu unatoka wapi?”

Nikatazama kopo. Nikatazama miche. Nikasema, “Sijui, mama.”

Nimesema uongo mwingi maishani, hasa kwa Saa Moja, na usingizi haujanipungukia. Huu uliniondolea. Nilimsaidia kujaza viriba mpaka jua likaanza kuchoma, nikashindwa hata kumtazama usoni.

Nilipomweleza mume wangu, alibaki ameketi na buti moja mguuni.

“Unajua uchafu ule unakotoka,” nikamwambia.

“Najua. Hata wewe unajua.”

“Basi tuseme.”

“Tuseme nini? Tuseme mtaro usilishwe?” Akalivua lile buti la pili na kuliweka chini polepole. “Usipolishwa hauzibi. Usipoziba hatuitwi. Mimi nina watu sita nyuma yangu, mke wangu. Na ukihesabu na mimi, nyumba saba zinalala njaa.”

“Na mama yako je?”

“Usiniulize kama nimemsahau mama yangu,” akasema, na sauti ikampasuka kidogo. Akatoka nje kwenda kusafisha koleo ambalo lilikuwa safi tayari.

Wiki hiyo hatukutaniana jioni. Nikajisemea, sawa, nitafanya mambo kwa akili. Sitasema kitu kwa mtu. Nitaacha kulisha kimyakimya, kijito kitajisafisha chenyewe, ofisi itapima, itaona maji mazuri, itaondoa karatasi yake, na hakuna atakayejua kwamba ni sisi. Nilitaka nitubu bila kuungama.

Wenzangu walinipokea kwa matusi. “Tusilishe, tupeleke wapi? Tuweke kwenye sketi?” aliuliza mmoja tunayemwita Redio, kwa sababu hazimiki. “Nyapara, umeokoka au umeugua?” Nikawaambia ukweli kuhusu kitalu cha mama mkwe, maana mfagiaji ukimdanganya anajua. Redio akasema yule bibi alimpa bure mche wa kivuli siku alipohamia nyumba yake, mti sasa unafunika uwanja wote. Akabeba fagio lake akaenda bila kusema neno, na kwa Redio hiyo si kawaida.

Siku ya kwanza Saa Moja alikuta marundo kumi na manne. Alisimamisha pikipiki katikati ya njia. “Nini hiki? Mmegoma?”

“Tunasubiri mkokoteni, bosi.”

“Mimi sijui mkokoteni. Mimi naijua lami.” Akaandika chafu. Siku ya pili akaandika tena chafu. Nikawa nimebakiza moja tu.

Mchana ule nikazunguka mtaa wa mafundi kuomba. Mimi kuomba ni kazi ngumu kuliko kufagia, lakini nilijikaza. Fundi wa kuchomelea vyuma, jitu kubwa lenye miwani nyeusi kama ya sinema, alinisikiliza huku amezima mashine yake. Nikamwambia vumbi lake la chuma linaua miche ya bibi kule chini. Aliniuliza, “Limefikaje kule?” Nikamwambia, “Nimelifagia mtaroni.” Akacheka mpaka akavua miwani. Lakini kesho yake alikuwa ameunganisha vipande vya nondo vilivyobaki, akatengeneza wavu wa kufunika mdomo wa mtaro mbele ya karakana yake, maji yapite, taka zibaki. Siku tatu baadaye zilikuwa nyavu sita. Fundi pancha naye alitugawia magunia mchana uleule, tukawa tunajaza marundo humo na kuyaegemeza ukutani kwake, barabara ikabaki tupu, na Saa Moja akapita asione cha kuandika. Mwenye duka la vinywaji ndiye tu aliyekataa kuweka magunia mbele ya duka lake, akasema yanafukuza wateja. Nikamwambia wateja wake wamefukuzwa zamani na sura yake. Hilo halikusaidia.

Siku ya kumi na tano ya zile thelathini mvua ikanyesha. Nilikuwa nimepita kwa mama mkwe baada ya kazi, nikamkuta kijana wa kike amechuchumaa ukingoni na koti la mvua, kisanduku cha chupa kando yake. Alikuwa afisa wa mazingira wa manispaa. Mama mkwe alimpa jina Dada Chupa, naye hakukasirika.

“Wewe ndiye umeandika ile barua?” nikamuuliza bila salamu.

“Barua ameandika mkubwa wangu. Mimi niliandika vipimo.” Akatia kizibo kwenye chupa yake. “Maji ya mwanzo ya mvua ndiyo machafu kuliko yote, yanasukuma kila kitu. Leo yamekuwa na nafuu kidogo, sijui kwa nini.”

Mimi nilijua kwa nini. Alikuwa amechota tope lililokwama nyuma ya mawe, la mvua zilizopita, akalimwaga kwenye sinia la plastiki, analigeuzageuza kwa kijiti. “Hapa ndipo tunaposhindwa,” akasema. “Tope ni tope. Linaweza kuwa la kwenye vitalu, linaweza kuwa la popote.”

Jamani, kuna maneno ambayo mtu wa kazi yako hawezi kuyavumilia. Ukimwambia fundi nguo kwamba kitambaa ni kitambaa, atakunyang’anya mkasi. Nikachuchumaa.

“Tope ni tope kwako,” nikamwambia. “Tazama. Hizi chenga zinazong’aa ni za mtaa wa mafundi, kona ya mchomeleaji. Hivi vipande vyeusi vya mpira ni vya fundi pancha, hakuna mwingine anayekwangua tairi hivi. Haya maganda ya penseli ni ya geti la shule, watoto wanachonga wakisubiri kengele. Karatasi hizi nyembamba ni risiti za mashine ya pesa pale benki, watu wanazitupa kabla hawajateremka ngazi. Na vizibo hivi vya njano, duka la vinywaji. Kila mtaa una uchafu wake. Udongo wa huyu mama ni mwekundu, ana mchanga wa kununua. Uko wapi hapa mwekundu?”

Hakukuwa na mwekundu. Alinitolea macho.

“Umejuaje yote haya?”

“Nimeyafagia.”

“Barabarani. Sasa yamefikaje huku?”

Nilijiona mjinga wa kutupwa. Mdomo wangu ulinitangulia, kama kawaida yake. Mvua ilikuwa inatugonga mabegani, na kutoka kwenye kibanda mama mkwe alikuwa akitutazama, ingawa kwa kelele za mvua hakusikia kitu. Nikamwambia yule binti yote, kulisha, mikokoteni miwili, Saa Moja, mume wangu na koleo lake. Alisikiliza bila kuandika.

“Nikisema mimi, wataniuliza ushahidi,” akasema mwisho. “Vipimo vya leo haviwezi kufuta vya nyuma. Kikao kitaangalia vile vitatu. Unaweza kuyasema haya mbele ya mhandisi?”

Nikaingia kibandani, mama mkwe akanipa kitambaa nijifute, akaniuliza mlikuwa mnaongea nini muda wote ule. Nikasema habari za hali ya hewa. Huo ukawa uongo wa pili.

Asubuhi ya siku ya ishirini na mbili mume wangu alipiga pasi shati lake jeupe. Hakuniuliza nitasema nini na mimi sikumwambia. Tulitembea mpaka ofisi ya kata, yeye mbele hatua mbili, kama watu waliokutana njiani. Ukumbini alikwenda kukaa nyuma kabisa, na wenzake sita walikuwepo wamekaa safu moja. Mama mkwe alikuwa mbele na majirani zake wanne, amevaa nguo yake ya kwendea misibani.

Mhandisi alikuwa mtu mzima mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso, akaisahau huko. Alisoma vipimo. Alisoma sheria. Akasema kwa upole kabisa kwamba hana ugomvi na kina mama, lakini kijito ni cha watu wote. Saa Moja alikuwa ameketi pembeni yake kuwakilisha ofisi ya usafi, daftari mapajani. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno.

Mama mkwe akasimama, akasema hana maneno mengi. Akasema yuko pale miaka hamsini, na miaka arobaini ya kwanza aliyanywa maji yale. Akauliza, kama miche ndiyo inayochafua, mbona ilichelewa hivyo kuanza? Akakaa. Mhandisi aliandika kitu, lakini nilimwona usoni, aliandika kwa heshima tu.

Nilisimama. Nikasema, “Uchafu ule ni wangu.”

Watu wakacheka, wakidhani natania, maana wananijua. Nikaendelea. Nikawaeleza kulisha ni nini na nani aliwafundisha wengine. Nikamwomba Dada Chupa alete sinia lake, nikaonyesha chenga, mpira, penseli, risiti, vizibo, mtaa kwa mtaa. Kicheko kikaisha. Saa Moja akaruka kutoka kitini. “Mimi sikumtuma mtu kutia taka mtaroni! Daftari langu liko hapa, barabara zote zimeandikwa safi!”

“Ndiyo, bosi,” nikamwambia, “zimeandikwa.”

Mhandisi aliishusha miwani, akanitazama sana. “Mama, hayo ni maneno mazito, na ni maneno ya mtu mmoja. Kuna mwingine anayejua habari hizi?”

Redio hakuwepo, alikuwa zamu. Nilijua ni nani mwenye jibu, na nilikataa kugeuka kumtazama, maana kugeuka kungekuwa kumlazimisha. Kisha nikasikia kiti kikiburutwa nyuma.

“Mimi ndiye ninayeutoa,” mume wangu akasema. “Miaka kumi na moja. Anachosema ni kweli.”

Mmoja wa wale sita alimshika shati amkalishe. Yeye alibaki amesimama.

Mama mkwe aligeuka polepole, na kiti chake kikageuka naye. “Ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa najua, mama.”

“Miche yangu inakufa, unakuja Jumapili unakaa kwangu, unakula, na unajua.”

“Ndiyo, mama.”

Akanigeukia mimi. “Na wewe nilikuuliza.”

“Uliniuliza, mama.” Machozi yalikuwa yananitoka, sikuyafuta.

Alisimama tena. Nilidhani atatoka. Alimwelekea mhandisi. “Waandike hawa wawili,” akasema. “Waandike na majina ya baba zao. Halafu nyinyi mliowapa mikokoteni miwili kwa mitaa tisa, mjiandike hapohapo chini yao. Mkimaliza mtaniambia kama bado nahama.”

Hakuhama. Sitaki kutia chumvi, haikuwa siku moja. Tangazo lilisimamishwa mpaka mwisho wa mvua, Dada Chupa akawa anapima kila inyeshapo, na ghorofa ya pili ikashuka ghorofa ya kwanza kwa mara ya kwanza tangu jengo lijengwe, nasikia walisalimiana kwanza. Tulipata mikokoteni minne zaidi. Ukaguzi ukasogezwa hadi saa tatu. Yule mchomeleaji akapewa kazi ya kutengeneza nyavu za mitaa yote tisa, akatangaza kwa kila mtu kwamba wazo lilikuwa lake. Mimi nilipewa barua ya onyo ya kurasa mbili, naitunza kabatini. Saa Moja alihamishiwa stoo.

Maji ya kijito hayakuwa ya kunywa, hapana. Lakini chupa za yule binti zilianza kuonyesha mwanga upande wa pili ukiziinua, na baada ya mvua ya mwisho karatasi ikabanduliwa kwenye uzio. Dada Chupa alikuja kuibandua mwenyewe.

Na mitaro haikuziba. Mvua ilipita yote, hakuna barabara iliyofurika. Ofisi ya mitaro ikaona haina haja ya vibarua saba, ikabakiza wawili, ikawachagua wenye umri mdogo. Mume wangu ana miaka hamsini na mitatu. Walimwambia mlangoni, hata ndani hakuitwa. Alirudi nyumbani na sululu begani, akaiegemeza nyuma ya mlango, akanywa maji vikombe viwili bila kupumzika. Wale wanne wengine mpaka leo wakikutana na mimi njiani wanavuka barabara. Nawaelewa.

Mama mkwe hakutusemesha miezi miwili. Siku moja akatuma salamu kwamba ana viriba elfu mbili vya kujaza na mikono yake haitoshi. Tukaenda. Hakutukaribisha wala hakutufukuza, alituonyesha rundo la udongo. Mume wangu akaketi chini na kuanza. Mtu aliyechota mtaro mzima kwa koleo alishindwa kujaza kiriba kimoja bila kukipasua. Mama yake alikuwa anapita nyuma yake anakitoa kile kilichopasuka mkononi mwake na kumpa kingine, kama alivyomfanyia akiwa mdogo.

Tulijaza mpaka mchana. Pua zilikuwa zimejaa vumbi la samadi. Mimi kukaa na jambo moyoni siwezi, afadhali nipasuke.

“Unanilaumu?” nikamuuliza mume wangu.

Alikishindilia kiriba chake kwa vidole viwili, akakikagua, akakipanga kwenye safu pamoja na vingine. Kilikuwa kimesimama vizuri.

“Ndiyo,” akasema. “Nakulaumu. Lete kingine.”

Nikampa.